Nani Mshindi? Jinsi Mwandishi Rasmi wa Besiboli Anavyomtambua Mrushaji wa Kupewa Ushindi

Utangulizi

Mcheza kwao hutunzwa, walisema wahenga. Methali hii inatuhakikishia kuwa tuzo ipo, lakini kuna jambo moja isilotueleza: iwapo wachezaji ni wengi, na ngoma imechezwa kwa zamu, mtunzaji atamtunza nani? Katika michezo mingi tuliyoizoea swali hili halimsumbui mtu. Timu ya kandanda ikishinda, ushindi ni wa timu nzima. Hata kipa akiokoa penalti tatu katika mechi moja, hakuna daftari litakaloandika kuwa yeye ndiye aliyeshinda. Vivyo hivyo, katika mbio za kupokezana vijiti, wakimbiaji wote wanne huvishwa medali, yule aliyeanza na yule aliyemaliza.

Besiboli, mchezo unaoenziwa sana Marekani, Japani na katika nchi kadhaa za eneo la Karibi, umefuata njia nyingine. Kila mechi inapomalizika, mchezaji mmoja wa timu iliyoshinda huandikiwa ushindi, na mchezaji mmoja wa timu iliyoshindwa huandikiwa kipigo. Wote wawili huwa warushaji. Hesabu hizo humfuata mrushaji maisha yake yote: hutajwa anapojadiliana kuhusu mshahara, anapopigiwa kura za tuzo, na hata anapozikwa. Kwa hiyo anayeamua jina gani liandikwe ana dhamana kubwa mkononi.

Makala haya yanadhamiria kueleza jinsi uamuzi huo unavyofikiwa. Hoja yetu ni kwamba kanuni inayotumika haimtafuti mrushaji aliyecheza vizuri kuliko wenzake. Inamtafuta mrushaji aliyekuwa mahali fulani wakati fulani. Neno “mshindi” katika daftari la besiboli ni istilahi, wala si sifa. Na magomvi mengi yaliyozuka kuhusu tuzo hii yametokana na watu kuisoma istilahi hiyo kana kwamba ni neno la kawaida. Kwa sababu hiyo, suala hili linatuhusu sisi wanafunzi wa lugha, hata kama wengi wetu hatujawahi kuuona mpira wa besiboli.

Mchezo wenyewe na istilahi zake

Kabla ya kuendelea, yafaa tuafikiane kuhusu maneno. Aliyewahi kutazama kriketi hatapata shida kubwa, kwani michezo hii miwili ni ya ukoo mmoja. Timu mbili, kila moja ikiwa na wachezaji tisa uwanjani, hupokezana kupiga na kulinda. Mrushaji wa timu inayolinda husimama katikati ya uwanja na kumtupia mpira mpigaji wa timu pinzani, ambaye hujaribu kuupiga kwa gongo. Mpigaji akifaulu, hukimbia kuzunguka vituo vinne. Akikamilisha mzunguko na kurejea kituo cha nyumbani, timu yake hupata alama moja, ambayo katika makala haya tutaiita mkimbio, kama wafanyavyo watangazaji wetu wa kriketi.

Timu inayopiga huendelea hadi wachezaji wake watatu watolewe. Hapo timu hubadilishana nafasi. Timu zote mbili zikishapiga, awamu moja imekamilika. Mechi ya kawaida ina awamu tisa. Na kama timu zinalingana, awamu huongezwa hadi mshindi apatikane. Wageni hupiga kwanza katika kila awamu, wenyeji hupiga baadaye.

Mambo mawili lazima yakumbukwe, maana ndiyo mzizi wa utata wote utakaofuata. La kwanza ni kwamba mrushaji akishaondolewa na nafasi yake kuchukuliwa na mwingine, haruhusiwi kurejea katika mechi hiyo. Anayeanza mechi tutamwita mrushaji mwanzilishi, na wanaomfuata tutawaita warushaji wa akiba. La pili ni kwamba timu hufunga mikimbio inapopiga tu, yaani wakati ambapo mrushaji wake ameketi benchini akipumzika. Ligi mojawapo kati ya mbili kuu za Marekani ilianza kumpunguzia mrushaji kazi ya kupiga mwaka 1973, ikamruhusu mpigaji maalumu amwakilishe. Na tangu mwaka 2022 utaratibu huo umeenea katika ligi zote mbili. Isipokuwa watu adimu kama Shohei Ohtani, ambaye hurusha na kupiga pia, mrushaji wa leo hana mkono wowote katika kufunga. Anaweza kuzuia timu yake isishindwe, lakini hawezi kuifanya ishinde. Hata hivyo, yeye ndiye anayeandikiwa ushindi.

Mwandishi rasmi ni nani?

Anayeandika si mwamuzi wa uwanjani. Waamuzi husema nani ametolewa na nani amefika kituoni salama. Mwandishi rasmi huketi pamoja na wanahabari, akaangalia kila tukio na kuliainisha: je, mpigaji amefika kituoni kwa ustadi wake au kwa kosa la mlinzi? Uamuzi wake haubadilishi matokeo ya mechi hata kidogo. Unachobadilisha ni kumbukumbu ya mechi, yaani nani atasifiwa na nani atalaumiwa. Kwa miaka mingi kazi hii ilifanywa na waandishi wa magazeti waliokuwa wakiripoti mechi hizo hizo. Baadaye ligi zikaamua kuteua watu wasiofungamana na magazeti.

Asili ya uandishi huu inahusishwa sana na Henry Chadwick, mzaliwa wa Exeter nchini Uingereza mwaka 1824, aliyehamia Marekani akiwa mtoto. Chadwick aliripoti mechi za kriketi kabla ya kuvutiwa na besiboli, na ndiye aliyeeneza jedwali la takwimu linalofupisha mechi nzima katika safu chache za gazeti. Kufikia miaka ya 1880, ushindi na kipigo cha mrushaji vilikuwa vimeanza kuhesabiwa.

Kanuni yasemaje?

Kanuni inayotawala jambo hili imo katika sura ya tisa ya kitabu rasmi cha kanuni za besiboli, kifungu cha 9.17. Kwa ufupi, inaagiza kuwa ushindi apewe yule mrushaji ambaye timu yake ilichukua uongozi akiwa bado mchezoni, au katika zamu ya kupiga ambamo alibadilishwa, mradi uongozi huo usipotee tena hadi mwisho wa mechi.

Tuzingatie maneno “usipotee tena”. Timu inaweza kutangulia, ikafikiwa, ikatangulia tena, ikapitwa, kisha ikatangulia kwa mara ya tatu. Uongozi unaohesabiwa ni ule wa mwisho, uliodumu. Kila mara timu zinapolingana, mechi huhesabiwa kuwa imeanza upya kuhusiana na suala la mshindi. Na timu pinzani ikitangulia, warushaji wote waliokwisha kuondolewa hadi hapo hupoteza haki ya ushindi, hata kama walirusha kwa ustadi wa kupigiwa mfano. Mwandishi rasmi, basi, husoma mechi kinyumenyume. Huanzia mwisho, akarudi nyuma hadi pale timu ilipotangulia bila kufikiwa tena, kisha akauliza: wakati huo, ni nani aliyekuwa mrushaji wa daftari? Jina hilo ndilo jibu, isipokuwa kama kuna mojawapo ya vizuizi viwili.

Kizuizi cha kwanza kinamhusu mwanzilishi. Yeye hawezi kupewa ushindi kama hajakamilisha awamu tano. Mechi ikikatizwa, pengine kwa sababu ya mvua, na timu ikawa imelinda kwa awamu tano tu, basi awamu nne zinamtosha. Mwanzilishi aliyemaliza awamu nne na kuwatoa wapigaji wawili katika ya tano, timu yake ikiongoza kwa mikimbio kumi, akiondolewa hapo hapati kitu. Amebakiza mpigaji mmoja tu, lakini kanuni haina huruma ya sehemu. Ushindi huenda kwa mrushaji wa akiba. Na kama wa akiba walikuwa zaidi ya mmoja, huenda kwa yule ambaye, kwa maoni ya mwandishi rasmi, alifanya kazi bora zaidi.

Kizuizi cha pili kinamhusu mrushaji wa akiba aliyeingia kwa muda mfupi na kuharibu. Huyo hapewi ushindi endapo angalau mmoja wa waliomfuata alirusha vizuri na kusaidia kuulinda uongozi. Maelezo yanayoambatana na kanuni yanatoa kipimo: kwa kawaida, asiyemaliza hata awamu moja na akaruhusu mikimbio halali miwili au zaidi ifungwe huhesabiwa kuwa ameharibu, hata kama mikimbio hiyo imeandikwa kwa jina la mrushaji aliyemtangulia. Mkimbio halali ni ule usiotokana na kosa la walinzi.

Mfano wa kubuni

Ili kanuni hii ieleweke, tuchukue mechi ya kubuni kati ya Wenyeji na Wageni. Wenyeji wanao warushaji wanne: Abdi, Barasa, Chege na Daudi.

Abdi anaanza, anarusha awamu sita, na anaondoka Wenyeji wakiongoza 3 kwa 2. Barasa anarusha awamu ya saba bila kuruhusu chochote. Chege anaingia katika ya nane. Anaruhusu mkimbio mmoja, na timu zinalingana 3 kwa 3. Katika nusu ya pili ya awamu hiyo hiyo, Chege akiwa ameketi benchini, wenzake wanafunga mkimbio mmoja. Daudi anaingia katika awamu ya tisa, anawatoa wapigaji watatu mfululizo, na mechi inakwisha 4 kwa 3.

Mtazamaji wa kawaida angesema mshindi ni Abdi, aliyefanya kazi kubwa, au Daudi, aliyeikamilisha bila doa. Daftari linasema ni Chege. Uongozi wa Abdi ulikufa pale timu zilipolingana. Uongozi uliodumu ulipatikana Chege akiwa mrushaji wa daftari, na kwa kuwa alikamilisha awamu nzima na kuruhusu mkimbio mmoja tu, kizuizi cha pili hakimgusi. Yule aliyeupoteza uongozi wa mwenzake ndiye anayetunzwa. Daudi atapata sifa nyingine, ile ya kuokoa mechi, ambayo ilitambuliwa rasmi mwaka 1969. Abdi hapati ushindi wala kipigo.

Sasa tubadilishe kidogo. Barasa anaendelea hadi awamu ya nane, anawatoa wapigaji wawili, lakini anaacha wapinzani wawili vituoni. Chege anaingia. Mpigaji wa kwanza anamgonga vilivyo, na wale wawili wanakimbia hadi nyumbani: Wageni 4, Wenyeji 3. Chege anamtoa anayefuata na kwenda benchini. Wenyeji wanafunga miwili na kutangulia 5 kwa 4, kisha Daudi anaimaliza awamu ya tisa bila kasoro. Kwa kigezo cha uongozi pekee, ushindi ungekuwa wa Chege tena. Safari hii, hata hivyo, amerusha theluthi moja tu ya awamu, na mikimbio halali miwili imefungwa mbele yake, japo itaandikwa kwa jina la Barasa. Mwandishi rasmi ana sababu ya kumnyima na kumpa Daudi. Na Daudi akishapewa ushindi hawezi kuandikiwa uokozi wa mechi hiyo pia.

Mlango mwembamba wa busara

Mfano wetu unaonyesha kuwa kazi ya mwandishi rasmi, mara nyingi, ni ya kusoma na kutekeleza. Anapewa nafasi ya kutumia busara yake katika mambo mawili tu: kumchagua mrushaji bora wa akiba pale mwanzilishi asipotimiza awamu tano, na kuamua kama mrushaji wa akiba alikuwa wa muda mfupi na aliyeharibu. Hata hapo hakuachwa huru kabisa. Kanuni inamwelekeza atazame mikimbio iliyofungwa, wapinzani waliofika vituoni, na hali ya mechi wakati kila mmoja alipoingia. Kumtoa mpigaji mmoja timu ikiwa mbele kwa mkimbio mmoja ni jambo zito. Kuwatoa sita timu ikiwa mbele kwa kumi ni jambo jepesi. Inamwonya asimpe ushindi mrushaji wa kwanza wa akiba kwa mazoea tu, kwani huenda aliyefuata alikuwa bora. Na wawili wakikaribiana sana kwa ubora, aliyetangulia kuingia ndiye apewe.

Msomaji atatambua kuwa hii ni mbinu ya watunga sheria. Mahali wanapoweza kuhesabu, huhesabu. Mahali hesabu inaposhindwa, humwachia mtu mwenye akili timamu, lakini humwekea mipaka.

Kwa nini ikawa hivyo?

Si haki kuicheka kanuni hii kabla ya kuelewa ilizaliwa katika mazingira gani. Katika besiboli ya awali, mrushaji alianza mechi na aliimaliza mwenyewe. Cy Young, aliyecheza kutoka mwaka 1890 hadi 1911, alikamilisha mechi 749. Jack Chesbro wa New York alianza mechi 51 mwaka 1904, akazikamilisha 48, na akapata ushindi mara 41. Katika ulimwengu wa aina hiyo, swali la nani apewe ushindi lilikuwa kama kuuliza nani alilima shamba lililolimwa na mtu mmoja. Ushindi wa mrushaji ulikuwa kipimo cha maana, kwa kuwa nusu nzima ya mchezo, ile ya kulinda, ilitegemea mkono wake tangu mwanzo hadi mwisho.

Kadiri warushaji wa akiba walivyoongezeka, ndivyo swali lilivyokuwa gumu. Hapakuwa na kanuni moja iliyoandikwa, na waandishi waliamua kwa mazoea na maoni yao. Matokeo yake yaliwagusa watu mashuhuri. Grover Cleveland Alexander alistaafu mwaka 1930 akiwa na ushindi 373, mmoja zaidi ya marehemu Christy Mathewson, na hivyo akawa juu ya wote katika historia ya ligi yake ya Kitaifa. Katika miaka ya 1940, kumbukumbu za zamani zilipopitiwa upya, Mathewson aliongezewa ushindi wa mechi ya mwaka 1902. Akawa naye na 373. Mathewson alikuwa kaburini tangu mwaka 1925. Alexander, aliyekuwa bado hai, aliona cheo chake kikigawanywa mara mbili kwa kalamu, bila mpira wowote kurushwa.

Kanuni ilipoandikwa rasmi mwaka 1950, ikiwa ni pamoja na sharti la awamu tano, ilikusudiwa kukomesha hali hiyo. Maandishi yalileta usawa: mechi mbili zinazofanana sasa zingeamuliwa kwa namna moja. Ila usawa wa utekelezaji haukuwa na maana ya haki katika kila tukio, kama tutakavyoona.

Daftari na uwanja vinapotofautiana

Tarehe 13 Julai 1963, Early Wynn wa Cleveland aliingia uwanjani akihitaji ushindi mmoja tu ili atimize 300. Alikuwa na umri wa miaka 43. Alirusha awamu tano kamili, akaondoka timu yake ikiongoza 5 kwa 4. Jerry Walker alirusha awamu nne zilizobaki bila kuruhusu mkimbio wowote, na Cleveland wakashinda 7 kwa 4. Ushindi wa 300 ukaandikwa kwa jina la Wynn, kwa kuwa alivuka kizingiti na uongozi haukupotea. Lau angeondolewa mpigaji mmoja kabla, ushindi huo ungekuwa wa Walker.

Kisa cha pili ni cha ajabu zaidi. Tarehe 7 Julai 2009, Alan Embree wa Colorado aliingia katika awamu ya nane timu yake ikilingana na Washington, wapigaji wawili wakiwa wamekwisha kutolewa na mpinzani mmoja akiwa kwenye kituo cha kwanza. Badala ya kumrushia mpigaji, Embree aliupeleka mpira kwenye kituo hicho, na mkimbiaji akanaswa na kutolewa. Awamu ya kulinda ikaisha. Colorado walifunga katika zamu yao ya kupiga, wakashinda 5 kwa 4, na Embree akaandikiwa ushindi. Hakuwa amemtupia mpigaji yeyote mpira hata mmoja.

Upande wa kipigo nao una majonzi yake. Kipigo huandikiwa mrushaji anayebeba dhamana ya ule mkimbio ulioipa timu pinzani uongozi usiopotea tena. Tarehe 26 Mei 1959, Harvey Haddix wa Pittsburgh aliwakabili Milwaukee na kuwatoa wapigaji 36 mfululizo, awamu 12 nzima, bila mpinzani hata mmoja kufika kituoni. Wenzake hawakumfungia chochote. Katika awamu ya 13 mlinzi mmoja alikosea, mpinzani akafika kituoni, na hatimaye mkimbio ukafungwa. Haddix alishindwa 1 kwa 0. Lew Burdette wa Milwaukee, aliyepigwa mipigo 12 salama katika mechi hiyo lakini hakuruhusu mkimbio, ndiye aliyeandikiwa ushindi. Mkimbio uliomwangusha Haddix haukuwa halali kwa hesabu ya takwimu, kwa kuwa ulianzia kwenye kosa la mlinzi. Lakini kanuni ya kipigo haiulizi kama mkimbio ni halali. Inauliza tu nani anabeba dhamana yake.

Kura za tuzo

Kwa miongo mingi waliopiga kura za tuzo iliyopewa jina la Cy Young, iliyoanza kutolewa mwaka 1956, walitazama kwanza safu ya ushindi. Mwaka 1987 Nolan Ryan aliongoza ligi yake kwa wastani bora wa mikimbio halali, 2.76 kwa kila awamu tisa, lakini alikuwa na ushindi 8 na vipigo 16. Hakuipata tuzo. Timu yake ilikuwa haimfungii vya kutosha, na upungufu wa wapigaji ukasomwa kama upungufu wake.

Mtazamo huu ulibadilika polepole. Mwaka 2010 Félix Hernández wa Seattle aliipata tuzo akiwa na ushindi 13 na vipigo 12 tu, huku mmoja wa washindani wake akiwa na ushindi 21. Wapiga kura waliupa uzito wastani wake wa 2.27. Mwaka 2018 Jacob deGrom wa New York alituzwa akiwa na ushindi 10 na vipigo 9, wastani wake ukiwa 1.70 katika awamu 217. Kanuni ya kumtambua mshindi haikubadilishwa kwa ajili ya watu hawa. Kilichobadilika ni usomaji wake. Wapiga kura walikubali hatimaye kuwa mstari wa ushindi unaeleza jambo moja, na ubora wa mrushaji ni jambo lingine.

Wakati huo huo, mbinu za uwanjani zilizidi kuisukuma kanuni pembeni. Mwaka 2018 timu ya Tampa Bay ilianza kumtumia mrushaji mfunguzi: mtaalamu wa akiba anayeanza mechi kwa awamu moja au mbili, kisha akampisha yule ambaye zamani angekuwa mwanzilishi. Kwa mujibu wa kanuni, huyu wa pili ni wa akiba, kwa hiyo sharti la awamu tano halimhusu. Ryan Yarbrough wa timu hiyo alipata ushindi 16 mwaka huo, sehemu kubwa ikiwa ni baada ya kuingia nyuma ya mfunguzi. Kazi ni ile ile, mkono ni ule ule. Lakini kwa kuitwa jina jingine, anaangukia chini ya kifungu kingine.

Somo kwa mwanafunzi wa lugha

Je, kisa hiki kina funzo gani kwetu? Tunapojifunza uundaji wa istilahi, huambiwa kuwa njia mojawapo ni kulichukua neno la kawaida na kulipa maana finyu katika uwanja maalumu. Njia hii ina faida ya wepesi, maana neno tayari linajulikana. Hatari yake ni kwamba maana ya kale haiondoki. Inabaki kama mpangaji aliyefukuzwa ambaye bado ana ufunguo. Mwandishi rasmi akiandika “mshindi”, anamaanisha mrushaji wa daftari wakati uongozi uliodumu ulipopatikana. Msomaji wa gazeti akisoma “mshindi”, anaelewa aliyeshinda kwa juhudi zake. Neno ni moja, wasomaji ni wawili, na katikati yao kuna mtu kama Ryan anayekosa haki yake bila yeyote kuwa amedanganya.

Hali hii haiko mbali nasi. Mwanafunzi anapoandikiwa neno “wastani” katika matokeo yake, mzazi huweza kusikia lawama, ilhali mwalimu alitaja kiwango tu katika jedwali. Mahakamani, “mshukiwa” na “mkosaji” ni maneno ya hatua mbili tofauti kabisa za kesi. Mtaani, mara nyingi anayetajwa kwa la kwanza amekwisha kuhukumiwa kwa la pili. Tunaopendekeza istilahi kwa nyanja mpya tuna wajibu wa kujiuliza, kabla ya kuliazima neno la watu, litakuja na mizigo gani. Pengine besiboli ingeepukana na ugomvi wa miaka mingi kama ingechagua neno lisilo na fahari kiasi hicho.

Hitimisho

Tumeona kuwa mwandishi rasmi wa besiboli hupata jina la mshindi kwa kurudi nyuma hadi pale uongozi uliodumu ulipopatikana, kumtaja mrushaji aliyekuwa mchezoni, kisha kuhakikisha kuwa mwanzilishi alitimiza awamu tano, au kuwa wa akiba hakuingia kwa muda mfupi na kuharibu. Tumeona pia kuwa busara yake inahitajika pale tu hesabu inapoishia. Kanuni hii ilizaliwa wakati mtu mmoja alibeba mechi nzima, na imebaki hata baada ya kazi hiyo kugawanywa kwa wengi.

Haddix alishindwa na Embree akashinda, na katika visa vyote viwili mwandishi alifuata maandishi barabara. Basi asilaumiwe mwandishi. Anayestahili kuonywa ni msomaji wa daftari, asije akachukua neno moja lenye mipaka na kulifanya hukumu juu ya mtu. Wahenga waliotuambia kuwa mcheza kwao hutunzwa walituachia kazi hiyo: tuzo ikishatolewa, tuulize imepimwa kwa kipimo gani.